Moto hukuza nyasi, lakini huibia udongo

KIANGAZI kinapokaribia kwisha katika nyanda za Narok, Kajiado na Laikipia, si ajabu kuona moshi ukifuka kwa mbali. Mpita njia hudhani ni maangamizi matupu. Mfugaji huona vingine: mvua ya kwanza ikinyesha, penye majivu patachipuka nyasi laini ambazo ng'ombe watazikimbilia na kuyapa kisogo malisho makuukuu yaliyo jirani.

Mfugaji hajakosea, ila hesabu yake haijakamilika.

Nyasi hustahimili moto kwa kuwa sehemu zake za kuchipukia zimejificha shinani, karibu na uso wa ardhi au chini yake, na udongo haupitishi joto kwa urahisi. Moto ukipita upesi, mizizi husalimika. Kinachoteketea ni majani makavu yaliyokuwa yakizuia jua, pamoja na miche ya miti ambayo ingegeuza uwanda kuwa kichaka. Nyasi aina ya Themeda triandra, ambazo masuke yake mekundu hutapakaa katika nyanda nyingi za Afrika Mashariki, hujisonga zenyewe na kupungua zikikaa miaka mingi bila kuchomwa wala kuliwa.

Tatizo ni naitrojeni, kirutubisho ambacho mmea hutumia kuunda protini. Majani yanapoungua, sehemu kubwa ya naitrojeni iliyomo hugeuka gesi na kupotelea hewani. Fosforasi, potasiamu na kalsiamu husalia kwa wingi katika majivu, ingawa kwenye mteremko hata hayo huweza kusombwa na mvua. Kwa hivyo, utamu wa nyasi zilizochipuka si ithibati kwamba udongo umerutubika. Kwa kiasi kikubwa, ni uchanga wake tu.

Jani hilo hilo likipitia tumboni mwa ng'ombe, mambo huwa tofauti. Sehemu kubwa ya virutubisho hurudi ardhini kupitia samadi na mkojo, hasa pale mifugo inapolala. Huko Laikipia, boma likihamwa na ua wake wa miiba kuoza, hubaki kiwanja cha nyasi fupi zenye lishe ambacho hudumu miongo mingi na kuwavutia hata swala. Katika eneo la Narok, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 katika jarida la Nature ulionyesha kuwa mahali palipokuwa na maboma ya wafugaji wa kale, kati ya miaka 3,700 na 1,550 iliyopita, udongo ungali na rutuba kuliko wa kandokando.

Wanyamapori nao hushindana na moto. Ng'ambo ya mpaka, Serengeti, nyumbu walikuwa wamepunguzwa na sotoka tangu miaka ya 1890. Ugonjwa huo ulipodhibitiwa, waliongezeka kutoka takriban 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Walikula nyasi ambazo zingeungua, na mioto ikapungua.

Hapo ndipo penye wasiwasi wa leo. Ardhi za jamii zimegawanywa vipande, nyua za waya zimezuka, na maboma mengi hayahami tena. Samadi hurundikana mahali pamoja, na nyingine hupakiwa kwenye malori kuuziwa wakulima. Moto, hata hivyo, ungali unapita.