Vyungu Viwili Visivyo na Majina

Wapitao Kamakis, pale Ruiru kwenye Barabara ya Eastern Bypass, wengi huvutwa na moshi wa nyama choma. Sisi tulivutwa na miche ya mapambo, tukarejea nyumbani na vyungu viwili ambavyo muuzaji hakuvijua kwa jina lolote ila "maua ya ndani".

Cha kwanza kilikuwa na majani mapana yenye mabaka meupe, na shina nene lenye pete. Kabla ya Magharibi mwana wetu wa miaka miwili alikwisha kulitafuna jani moja. Midomo ikamvimba, mate yakamtiririka, hata kulia kukamshinda. Tulimfuta kinywa, tukamsukutua kwa maji baridi, tukakimbilia zahanati na kipande cha jani mkononi. Alhamdulillahi, kulipokucha uvimbe ulikuwa umeshuka.

Jirani yetu mpenda bustani alizitazama zile pete, akasema bila kusita: hii ni difenbakia, asili yake Amerika ya kitropiki. Majani na shina lake vimejaa fuwele za kalsiamu oksaleti, nyembamba mithili ya sindano, nazo ndizo zichomazo ulimi. Akatuonya kwamba picha ya jani pekee haitoshi kuutambua mmea. Atakaye msaada aonyeshe shina, mpangilio wa majani, na kilichomo udongoni. Kuonja, hasha!

Cha pili ndicho kilichotutahayarisha. Vijani vyake vinene hung'aa kana kwamba vimepakwa mafuta, nasi tulidhani kimetoka Ulaya. Bibi mmoja wa Kwale, aliyekuja kumjulia hali mtoto, alifukua udongo kidogo, akatuonyesha viazi vinono vihifadhivyo maji, akacheka: mmea huu kwetu humea wenyewe msituni. Naam, ni zamiokulkasi, mwenyeji wa Afrika kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini. Waholanzi walianza kuukuza kwa biashara kubwa miaka ya 1990, nasi tukaulipia kama mgeni! Nao una fuwele zile zile, kwani ni jamaa moja na difenbakia, na pia na magimbi, ambayo kila mpishi ajua yawashavyo yakiwa mabichi.

Vyungu vyote sasa viko juu ya kabati, na majina yake yamebandikwa. Jumamosi tulirudi kwa yule muuzaji. Alitusikiliza, akakata kipande cha katoni, akaomba kalamu.