Boga: Tuanze na Sasheti

Kanoni Apolo Kivebulaya, Mganda aliyevuka mto Semliki mwaka 1896 kuhubiri Injili huku Boga, nchini Kongo, alifariki mwaka 1933 akazikwa hapahapa. Mwaka huohuo huko Northwich, Uingereza, Eric Fawcett na Reginald Gibson, wanakemia wa kampuni ya ICI, walipata polithini bila kuitafuta. Ndiyo plastiki inayotengenezewa mifuko na sasheti za leo. Basi watu waliomzika Apolo waliishi, wakapika, wakafuga na kuchuuza bila sasheti hata moja, na wengi wetu tumelelewa na wana na wajukuu wao.

Maisha yao yalikuwa na ufundi wake. Wafugaji wa Kihema walitunza maziwa katika vibuyu na vyombo vya mbao vilivyofukizwa moshi. Samaki na nyama vilifungwa kwa majani, na mihogo ilibebwa kwa kitunga. Ufundi huo haujafa: hadi leo kwanga, yaani mkate wa mihogo, hufungwa na kupikwa ndani ya majani, ikasafiri siku kadhaa bila kuharibika.

Sasa mfuate mama anayetoka sokoni. Chumvi imo katika sasheti, sukari katika nyingine, mawese yamefungwa fundo katika ya tatu, makayabo, wale samaki wa chumvi, katika ya nne. Zote hutiwa ndani ya mfuko mweusi. Akifika jikoni, kazi ya mifuko hiyo imekwisha. Kinachobaki hutupwa nyuma ya nyumba au huchomwa, na moshi wake wenye sumu huvutwa na watoto waliokaa karibu na moto.

Anayeumia zaidi, asiyeweza kusema, ni ng'ombe. Hula mfuko kwa sababu ya ladha ya chumvi au harufu ya chakula. Tumbo haliwezi kuumeng'enya, nao hukaa humo na kuziba njia. Mnyama hukonda huku tumbo limejaa, mwisho hufa. Kwa nyumba inayotegemea ng'ombe kwa maziwa, ada ya shule na mahari, huo ni msiba. Wala madhara hayaishii kwa mifugo: kule Bukavu, taka za plastiki zinazoelea kutoka Ziwa Kivu zimekuwa zikiziba mitambo ya bwawa la Ruzizi na kuwakatia watu umeme.

Sheria ipo. Amri namba 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na sasheti za plastiki nchini Kongo. Rwanda ilitangulia mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Lakini kwetu sasheti bado zinauzwa mchana kweupe. Sababu moja ni umaskini: anayenunua mafuta ya kupikia ya siku moja tu huuziwa kipimo kidogo, na muuzaji hana kitu kingine cha kukitilia. Kumkemea mama huyo bila kumwonyesha chombo kingine ni kumwonea.

Wala si plastiki yote iliyo adui. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, Boga na jirani yake Tchabi zilishambuliwa, watu zaidi ya 50 wakauawa na maelfu wakakimbia. Mkimbizi huchota maji kwa bidoni, na turubai la plastiki humkinga na mvua. Bidoni ya lita 20 hutumika miaka mingi, ikipasuka huzibwa. Hiyo tuitunze. Tunayopaswa kuikataa ni ile inayotumika dakika chache, kisha ikabaki ardhini miaka na miaka.

Njia ya kuikataa iko mikononi mwetu. Chupa moja ya kioo iwe ya mawese, nayo iende sokoni na kurudi. Makopo mawili yenye vifuniko yawe ya chumvi na sukari. Makayabo na nyama virudi kwenye jani la mgomba, ambalo likitupwa huoza na kuwa mbolea. Wauzaji wapime kwa kopo na kummiminia mteja katika chombo chake. Wachungaji wa makanisa wahubiri jambo hili, walimu walifundishe, na viongozi wa uchifu wasimamie amri iliyokwisha kuandikwa.

Ndugu msomaji, siku ya soko inayokuja, kabla hujatoka nyumbani, chukua kitunga na chupa yako.