Uyoga Ulioliwa na Kima

Msikilizaji mmoja wa Temeke ameniuliza: ni kweli kwamba uyoga ulioliwa na kima hauna madhara kwa binadamu? Swali zito hilo, maana masika yakishika uyoga huota hadi nyuma ya vyoo vyetu.

Ndugu msikilizaji, wanyama wala uyoga wako wengi. Paa wadogo wa misitu ya pwani huuokota pamoja na majani na matunda yaliyodondoka. Kwenye milima ya Udzungwa kuna mnyama wa jamii ya kima ambaye wenyeji humwita ng'olaga. Wataalamu walimfahamu mwaka 1979, kana kwamba wenyeji hawakuwepo! Huyu hushinda chini akipekua majani makavu, na uyoga ni sehemu ya riziki yake. Gorila wa milima ya Virunga nao hupenda uyoga mgumu unaoota kwenye magome ya miti. Dian Fossey, aliyeanza kuwachunguza mwaka 1967, aliona wakubwa wakiwapora wadogo.

Msitu nao hufaidika. Chembe za uzazi za uyoga, laini kama vumbi, hupita tumboni bila kusagika, zikaangushwa mbali pamoja na kinyesi. Nyuzi za baadhi ya uyoga huishi kwenye mizizi ya miombo na mikongo. Huipatia miti maji na madini, nayo huzilipa sukari. Kwa hiyo anayetega paa huko Pugu anaidhulumu na miti, hata kama hakushika shoka.

Sasa jibu: si kweli hata kidogo. Tumbo la mnyama si lako. Panya anaweza kumeza sumu ya uyoga mbaya kuliko wote akapona, kwa sababu utumbo wake hauipitishi kwenye damu. Wetu huipitisha. Tena sumu hiyo ni ya hila: hunyamaza saa sita au zaidi, ndipo mtu hutapika na kuhara. Baadaye hupata nafuu, jamaa wakashukuru Mungu, kumbe ini linaharibika. Kuichemsha hakusaidii. Kwa hiyo usiyemjua muuzaji wala uyoga wake, pita. Na kama umeshakula ukaumwa, usingoje kuona kama utapoa. Wahi hospitali, na mabaki ya uyoga uende nayo.