Ngozi, risasi na tundu la nozeli

Ukiagiza Primus ukiwa Goma au Bujumbura, utaletewa bia. Kwetu Tanga, Primus lilikuwa jiko: tangi la shaba, pampu ubavuni, miguu mitatu ya kuchomoa, na mngurumo wa kuamsha nyumba nzima. Marehemu baba, aliyefanya kazi na wapima ardhi, alikwenda nalo kambini ndani ya kisanduku cha bati. Mwaka jana nililikuta stoo. Nikatia mafuta ya taa, nikapampu. Pampu iliingia na kutoka bila kukaza hata kidogo.

Nikaanza kusaka spea. Kila duka jibu lilikuwa lile lile: hayo hayatengenezwi tena, nunua la gesi. Nimekuja kugundua kwamba jibu hilo hutolewa na watu ambao hawajawahi kulifungua jiko lenyewe.

Msweden Frans Wilhelm Lindqvist alianza kuyauza majiko haya Stockholm mwaka 1892. Jiko hili halina utambi. Unachoma spiriti kwenye kisahani hadi kichwa kipate moto, kisha presha ya pampu inapandisha mafuta, yanageuka mvuke humo kichwani na kutokea kwenye tundu la nozeli. Moto wake ni wa bluu, hauna masizi. Roald Amundsen alikwenda nalo Ncha ya Kusini mwaka 1911.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja aliyezoea kutengeneza taa za karabai za wavuvi wa dagaa, ambazo nazo hutumia pampu na nozeli. Alichomoa pampu, akanionyesha kikombe kidogo kilichokauka na kusinyaa. "Mwanangu, hii ni ngozi tu." Alikata kiduara kwenye mkoba chakavu, akakiloweka mafuta usiku kucha, akakifinyanga upya, mdomo ukielekea chini. Pampu ikakaza.

Chini kabisa ya bomba la pampu kuna valvu inayozuia mafuta yasirudi. Ufunguo wake ni mrefu, wa aina yake, na wengi huliharibu jiko hapo kwa kulazimisha bisibisi. Mzee alichonga ufunguo kwa kipande cha paipu. Ndani mlikuwa na springi na kipande cha mpira kisichozidi punje ya mahindi, kimekuwa kigumu kama mfupa. Washa ya risasi inayokaa kati ya kichwa na tangi aliigonga kutoka kwenye chubwi la mshipi. Kosa lilikuwa langu: kifuniko cha mafuta nilikiwekea mpira wa tyubu ya baiskeli. Baada ya siku mbili ulikuwa umevimba kama uyoga. Mafuta ya taa hayapatani na mpira huo. Tafuta oringi ya mfumo wa mafuta kwa wauza spea za magari.

Kilichobaki ni nozeli, na hapo mikono ya fundi inagota. Tundu lake ni kama theluthi moja ya milimita. La kwetu mtu alikuwa amelizibua kwa sindano ya cherehani, likapanuka, na moto ukawa wa njano wenye masizi tele. Hapo ndipo fedha na subira za kusaka zinapostahili kwenda, si kwenye ngozi. Bahati ni kwamba chapa za Primus, Optimus na Radius, zote zilizoanzia Sweden, mara nyingi nozeli zake huingiliana, na India bado wanatengeneza vipuri vya namna hii. Binamu yangu aliyekwenda huko kwa matibabu alirudi na nozeli nne ndani ya kibahasha. Ukiagiza, sema ni ya mafuta ya taa. Na petroli usiitie kamwe kwenye jiko hili. Tangi lake limejaa presha na liko hapo hapo chini ya moto.

Nozeli mpya ilipokwisha kufungwa, nililiwasha jiko uani jioni ya Jumamosi. Spiriti ilipokaribia kuisha nikafunga skrubu ya hewa, ile ya kutoa presha tangini, nikapampu kwa nguvu zote, na mwali wa njano ukaruka hadi usawa wa kifua. Mama alikuwa ndani, hata hajachungulia.

"Baba yako hakuwa akipampu hivyo. Mara tatu nne tu, uliache lishike bluu. Halafu ndiyo uongeze."

Nikalegeza skrubu, likazimika. Nikamimina spiriti upya.