Panya Mwenye Sikoseli na Dawa ya Mtoto Wako

Leo tunamzungumzia mtoto mwenye selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita sikoseli. Dawa anazopewa hujaribiwa vipi?

Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walifaulu kuzalisha panya wadogo waliotiwa chembe za urithi za binadamu zinazoleta ugonjwa huu. Chembe nyekundu za damu yao hupinda kama mundu. Sasa, panya hawezi kusema anaumwa, basi huangaliwa mwendo wake. Huwekwa juu ya kijiti kinachozunguka, zikahesabiwa sekunde kabla hajaanguka. Huachwa ashike wavu, kisha huvutwa mkia taratibu, mashine ikapima nguvu za mshiko. Mwenye maumivu hushika kwa unyonge; akipewa dawa ya maumivu ya kutosha, mshiko huimarika. Mama mwenye mtoto asiyejua kusema anaielewa kazi hii bila kufundishwa.

Lakini panya hatoshi. Haidroksiyurea, dawa ya sikoseli, husaidia sana kwa kurudisha damu ya aina aliyokuwa nayo mtoto tumboni, ambayo haipindi. Panya kwa asili yake hana damu hiyo. Tena palikuwa na hofu kwamba huku kwetu dawa hii ingeongeza malaria. Ikabidi ichunguzwe kwa watoto wenyewe, hapa Kilifi pamoja na Uganda, Kongo na Angola. Watoto 606 wa mwaka 1 hadi 10 waliitumia, na matokeo yakatolewa 2019: maumivu na malaria vilipungua kwa karibu nusu, na vifo pia vikapungua.

Dawa hupimwa kwa uzito wa mtoto, kwa hivyo usimgawie ndugu yake. Inaweza kupunguza chembe nyeupe za damu. Usikose siku ya kupimwa, hata kama nauli kutoka Kaloleni inauma. Akipata homa, hospitali siku hiyo hiyo.

Na mwendo wake je? Akianza ghafla kuburuta mguu, kikombe kikamponyoka, mdomo ukaenda upande au maneno yakakwama, huenda ni kiharusi. Sikoseli huleta kiharusi hata kwa watoto wadogo. Usimkande kwanza, usingoje kukuche. Mkimbize hospitali, na umwambie daktari ni saa ngapi ulimwona akitembea vizuri mara ya mwisho.