Paja likiuma na homa haishuki, usiendelee kuchua

Mtoto akirudi kutoka uwanjani akilalamika paja, mambo ya kwanza nyumbani ni maji ya moto na mafuta ya kuchua. Mara nyingi maumivu hayo huisha yenyewe baada ya siku mbili tatu. Lakini yapo maumivu yanayoanza hivyohivyo, kisha homa ikafuata, na kila siku inayopita ugonjwa unazidi kuchimba ndani. Wiki hii tuzungumzie usaha ndani ya msuli, ugonjwa unaoitwa kitaalamu payomayositisi. Huwapata zaidi watu wa nchi za joto kama sisi, na madaktari wa Kampala waliuandika tangu miaka ya 1960.

Msuli umejengwaje?

Mwili una misuli zaidi ya 600 iliyoshikana na mifupa, na kwa mtu mzima hufikia karibu asilimia 40 ya uzito wake. Itazame kamba ya nyavu pale mwaloni Kirumba: nyuzi nyembamba zimesokotwa kuwa uzi mnene, na nyuzi nene zikasokotwa kuwa kamba. Msuli nao uko hivyo. Kila unyuzi ni seli moja ndefu. Nyuzi hufungwa katika mafungu, kila fungu lina utando wake, na msuli mzima huvikwa utando mgumu. Mwishoni msuli hugeuka kuwa kano inayoshika mfupa.

Ndani ya kila unyuzi kuna protini za aina mbili zinazoteleza moja juu ya nyingine, na unyuzi ukafupika. Kwa hiyo msuli huvuta tu, hausukumi, na ndiyo maana misuli hufanya kazi kwa jozi. Wa mbele ya paja hunyoosha goti, wa nyuma hulikunja.

Msuli una damu nyingi na kwa kawaida hauvamiwi kirahisi na bakteria. Lakini ukigongwa au ukichoshwa sana, bakteria wanaopita kwenye damu hupata pa kukaa. Aliye wa kawaida ni stafilokokasi, anayeishi kwenye ngozi na puani mwa watu wengi wenye afya. Huingia mwilini kupitia kidonda, jipu au upele uliokunwa.

Kwa nini huchelewa kutambuliwa?

Ule utando mgumu huuficha usaha. Jipu la ngozi huvimba, likawa jekundu na kutunga usaha ukauona. La msuli liko chini, na ngozi ya juu inaweza kuonekana haina shida kabisa.

Ugonjwa hupita hatua tatu. Wiki moja au mbili za mwanzo kuna maumivu na homa ndogo, na ukibonyeza msuli unausikia mgumu kama ubao. Usaha bado haujakusanyika, na dawa pekee huweza kutosha. Kisha homa hupanda, sehemu huvimba, mtoto hachezi tena na anachechemea. Sasa usaha upo. Hatua ya tatu bakteria huenea kwenye damu, na hapo maisha yako hatarini.

Sehemu zinazoshambuliwa zaidi ni paja na tako. Ukiwa kwenye msuli wa ndani karibu na nyonga, mgonjwa hulala amekunja mguu na hataki kuunyoosha, na upande wa kulia huweza kudhaniwa ni kidole tumbo.

Nani awe makini zaidi?

Unampata hata mtu mwenye afya njema, hasa watoto na vijana. Walio hatarini zaidi ni wenye utapiamlo, kisukari na wanaoishi na VVU. Daktari akikushauri kupima sukari na VVU, kubali, kwani majibu husaidia tiba. Mzazi wa mtoto mwenye selimundu, ugonjwa ulio mwingi Kanda ya Ziwa, usiamini kila maumivu ya mguu ni yaleyale ya siku zote. Yakiwa na homa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Ufanye nini?

Maumivu ya msuli pamoja na homa, au mtoto kushindwa kukanyaga, ni sababu tosha ya kwenda kituo cha afya. Usikande wala kuchua kwa nguvu. Usichanje. Usinunue vidonge viwili vitatu vya antibayotiki dukani, maana hutuliza dalili kwa muda huku usaha ukiendelea kujikusanya. Wala usiombe sindano ya takoni dukani: ikichomwa vibaya huweza kuumiza mshipa mkubwa wa fahamu na kuacha mguu umepooza.

Unayeishi kisiwani, iwe Ukara, Ukerewe au Kome, usingoje uvimbe uonekane ndipo utafute usafiri. Hospitalini mgonjwa hupimwa damu na kufanyiwa utrasaundi inayoonyesha kama usaha upo. Ukiwepo, hutolewa kwa upasuaji au sindano maalumu, na antibayotiki huendelea kwa wiki kadhaa. Maliza dozi yote hata kama maumivu yamekwisha.

Baada ya hapo msuli unahitaji mazoezi taratibu, kama utakavyoelekezwa, na chakula chenye protini. Dagaa, maharage na mayai vinatosha kabisa. Akiwahi tiba, mgonjwa wengi wao hupona na kutembea vizuri kama zamani.