Lupasi: Damu inavyofichua makali ya ugonjwa

MWANAMKE mwenye ugonjwa wa lupasi anaweza kuamka akijihisi mzima, ilhali figo zake zimeanza kuharibika kimyakimya. Ndiposa madaktari hawategemei maelezo ya mgonjwa pekee, bali huichunguza damu yake mara kwa mara.

Lupasi hutokea pale kinga inapougeukia na kuushambulia mwili inaopaswa kuulinda. Kati ya wagonjwa kumi, takriban tisa ni wanawake. Silaha za shambulio hilo ni kingamwili potovu zilizomo kwenye damu, na ambazo huweza kupimwa katika maabara.

Kipimo cha kwanza huitwa ANA. Karibu kila mgonjwa wa lupasi hupatikana na kingamwili hizo. Lakini hata watu wenye afya njema, hasa wa umri mkubwa, huweza kuwa nazo. Isitoshe, kiwango cha ANA hakifuati kupanda na kushuka kwa makali ya ugonjwa, hivyo kukirudia kila mara ni kupoteza fedha bure.

Kipimo chenye manufaa zaidi ni cha kingamwili zinazoshambulia DNA, ambazo zilitambuliwa mwaka wa 1957. Kingamwili hizo hushikana na DNA iliyotoka katika seli zilizokufa, na mafungu hayo hukwama kwenye vichujio vya figo. Hapo protini za damu ziitwazo C3 na C4 hujiunga na vita hivyo na kutumika kwa wingi. Kwa hivyo, kingamwili zikipanda huku C3 na C4 zikishuka, daktari hushuku kwamba ugonjwa umeamka.

Hata hivyo, wapo wagonjwa ambao kingamwili hizo hukaa juu kwa miaka bila dalili yoyote, na wengine huugua figo zikiwa chini. Kwa sababu hiyo, kupima protini kwenye mkojo na shinikizo la damu, vipimo vya bei nafuu mno, hakuwezi kuachwa.

Matokeo yakiwa mazuri, mgonjwa asiache dawa zake bila idhini ya daktari. Huenda ndizo zilizoleta nafuu hiyo. Pia ahifadhi nakala za matokeo na, inapowezekana, apimwe katika maabara ileile, kwani mbinu za maabara hutofautiana, na daktari hulinganisha kiwango cha leo na kile cha miezi iliyopita.